Hakuna kidonge kinachofuta uraibu wa kokeni

Kwenye makundi ya WhatsApp hapa Malindi unarudirudi ujumbe wa zamani: eti kuna kidonge kinachofuta uraibu wa kokeni, kwani "kimeponya panya". Si kweli.

Panya wa maabara akidungwa kokeni mara kwa mara, dozi ile ile huzidi kumchangamsha, na hali hiyo hudumu wiki nyingi baada ya kuachishwa. Hata akidungwa maji ya chumvi tu, ndani ya kizimba alichozoea kupewa kokeni, huanza kukimbiakimbia. Dawa kama MK-801, ikitangulizwa kabla ya kila dozi, inaweza kuzuia mabadiliko hayo yasijengeke. Hapo ndipo watu huchanganyikiwa, maana kuzuia si kuponya. Na MK-801 haitumiki kutibu watu.

Methadoni, ambayo wengi wetu Pwani tunaijua, ni ya heroini na jamii yake, si ya kokeni.

Ukiletewa ujumbe huo, uliza: walipimwa watu au panya? Dawa ilitolewa kabla ya uraibu au baada? Kisha muulize mfamasia au daktari. Tafadhali usiusambaze. Kuna mzazi atakayenunua kidonge hicho badala ya kumpeleka mwanawe kwa mshauri nasaha, ambaye kweli anaweza kumsaidia.