Ile damu ya kifuniko cha kijani tunaitolea nini

Tangu tuanze kuchukua sampuli za damu za utafiti kwa watoto wenye kisukari aina ya kwanza malalamiko hayaishi, wengine wanapiga simu, wengine wanakuja mapokezi wakiwa wamefura kabisa: mbona damu tena na sukari ilishapimwa, majibu yako wapi, DNA ya mtoto wangu mnamuuzia nani. Kuuliza ni haki yenu, wacha nijibu.

Hiyo damu si ya kupima sukari. Ya sukari inaenda kwa chupa ya kifuniko cha kijivu, yetu ni kijani, manake tunataka seli T, askari wa kinga ya mwili, zikiwa hai, tusome vipokezi vyao. Kila seli T ina kipokezi chake cha kutambua adui, minyororo miwili, kwa nyingi ni alfa na beta, na mwili hauzaliwi navyo vikiwa tayari, unakata vipande vya jeni na kuviunga kwa kubahatisha kama fundi anayeshona shuka la viraka, ndiyo maana hata mapacha wa kufanana vipokezi vyao vingi ni tofauti. Sasa kubahatisha kuna hasara yake, mara kinatoka kipokezi kinachoiona insulini yako mwenyewe kama adui. Tezi ya thaimasi kifuani inafaa kuziondoa seli kama hizo lakini zingine zinaponyoka, zikifika kwa kongosho zinashambulia seli za beta zinazotengeneza insulini (beta hii siyo ile ya mnyororo, msichanganye). Kwa hivyo, na hii naisema mara ya mia, si chai ya sukari nyingi iliyomfanya mtoto augue, si soda, na si jicho la jirani.

Kwa nini tusisome tu sampuli za wazungu? Kule Florida mradi wa nPOD unakusanya kongosho za marehemu kwa ridhaa ya familia, na umetufunza mengi. Lakini utafiti wa Uganda, Kameruni na Afrika Kusini uliotoka 2025 ulikuta karibu thuluthi mbili ya vijana waliokuwa wanatibiwa kama aina ya kwanza hawana zile kingamwili tunazozoea kupima kama dalili kwamba kinga inashambulia kongosho. Je, kwao seli T zinahusika au kuna kitu kingine kabisa? Kongosho ya Florida haiwezi kutujibu hilo.

Sasa ridhaa. Mzazi anasaini fomu mbili, moja anabaki nayo, tafadhali msiitupe, na mtoto anayeelewa naye anaulizwa, akikataa amekataa hata kama mzazi ameshasaini. Chupa inapewa namba, jina halifiki kwa mashine inayosoma vipokezi. Ukitaka kujitoa unajitoa siku yoyote bila kueleza sababu na kliniki itaendelea kumhudumia mtoto kama kawaida. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inasema anayeivunja anaweza kutozwa faini hadi shilingi milioni 3 au kifungo hadi miaka 10 au vyote viwili, na data ikivuja kwa njia ya kuwahatarisha wenyewe, Kamishna wa Data lazima ajulishwe ndani ya saa 72. Mimi siwezi kufungwa miaka 10 kwa sababu ya chupa ya damu, jamani.

Majibu ya mtoto mmoja mmoja hatutoi, si kwa kuficha, ni kwamba orodha ya vipokezi haimwambii daktari abadilishe dozi. Na ile dawa mnayotumiana WhatsApp, teplizumab, ipo kweli, Marekani waliiidhinisha Novemba 2022, inashika CD3, protini ya seli T ambayo inakaa pamoja na kipokezi, lakini inachelewesha ugonjwa kwa wastani wa miaka miwili hivi kwa mtu ambaye bado hajafika kwa sindano za insulini. Haiponyi. Mtoto aliye kwa insulini asiachishwe hata siku moja, awe amechangia damu au hajachangia.

Mwisho, njooni asubuhi, Jumatatu hadi Alhamisi. Seli hazingoji wikendi, ukija Ijumaa jioni tutakurudisha nyumbani.