Memori fomu ni kitu gani khasa, na kwa joto letu uchague vipi

Siku hizi hapa Unguja ukenda Darajani au Mwanakwerekwe kila duka la magodoro utaambiwa "hii memori hii", na saa nyengine hiyo memori yenyewe ni sponji la kawaida tu lililovishwa kitambaa kizuri kilichoshonwa maua maua. Na watu wananunua, khasa msimu wa harusi baada ya Idi pale kila mtu anatafuta seti ya kitanda na godoro lake, hela inatoka nyingi alafu haipiti miezi watu wanalalamika joto na mgongo. Kwa hiyo tuelezane kitu chenyewe kwanza, mana ukishajua kinavyofanya kazi hata muuzaji hawezi kukubabaisha.

Memori fomu ni sponji. Ni poliuretani, jamaa moja na sponji la makochi na la magodoro ya kawaida, ila wakati wa kuitengeneza inatiwa kemikali nyengine zinazoifanya iwe nzito zaidi na iwe ya polepole. Hiyo polepole ndo sifa yake. Sponji la kawaida ukilibonyeza ukaachia linaruka pale pale. Memori ukieka kiganja inazama kidogo kidogo, ukitoa mkono alama ya vidole inabaki sekunde kadhaa alafu inajaa taratibu mpaka inakuwa sawa. Na vitu viwili vinaifanya izame, uzito na joto la mwili kwa pamoja, pale mwili unapogusa inapata joto inalainika, kwa hiyo bega na nyonga zinaingia zaidi na kiuno kinashikwa kwa chini, uzito unagaiwa eneo kubwa badala ya kubebwa na sehemu mbili tatu ambazo ndo zinakuja kuuma asubuhi. Faida nyengine ni kwamba mwenzio akijigeuza usiku wewe huku husikii kitu.

Wapo wanaoamini kwamba godoro la memori linashika umbo lako likae nalo daima, yani upande huu wako na upande ule wa mwenzio. Sio hivyo. Memori nzima inarudi kila ukiamka. Ukiona asubuhi bonde lipo, na mchana bonde lipo, hiyo sio memori inafanya kazi, hilo godoro limechoka. Kampuni nyingi za nje kwenye waranti zao wanahesabu bonde la inchi moja au moja na nusu bila mtu juu yake kuwa ni kasoro, nawe unaweza kutumia kipimo hicho hicho, khasa kwa haya magodoro yaliyotumika yanayoshuka na kontena.

Kitu hiki hakikuanzia kitandani. Mwaka 1966 kule Marekani, kwenye kazi za NASA, shirika lao la mambo ya anga, kituo cha Ames, mhandisi mmoja anaitwa Charles Yost na wenzake walikuwa wanatafuta kitu cha kueka kwenye viti vya ndege kipunguze kishindo na kimkalishe mtu vizuri safari ndefu. Baadae ikaingia hospitali kwa wagonjwa wanaolala muda mrefu, na kampuni ya Sweden ya Fagerdala ndo iliyokuja kuifanya godoro la watu wa kawaida, mwaka 1991. Sasa zingatia hapo, Sweden. Nchi ya baridi. Chumba cha kulala cha nyuzi 18 hivi.

Na hapa ndo penye maneno yangu yote, kwa sababu sisi hatulali kwenye nyuzi 18. Miezi ya kaskazi mchana joto linapita 30 na usiku halishuki kitu cha maana, na hewa imejaa unyevu, na umeme ukikatika feni inasimama. Memori ni kama samli, asubuhi ya kusi ukiifungua imeganda unachota na kijiko, kaskazi inamwagika kama mafuta. Godoro ambalo mtu wa Ulaya anakwambia ni la wastani, sio gumu sio laini, likifika Jang'ombe mwezi wa Februari linakuwa laini tayari kabla hujalilalia, ukilala ndo unazama zaidi, na ukizama zaidi mwili wako unagusana na sponji sehemu kubwa zaidi, hewa haipiti, jasho. Kwa hiyo mtu wa huku kama anaona "midiamu" (la wastani) na "firmu" (gumu) basi achukue firmu, mana hali yetu ya hewa itailainisha yenyewe.

Kuna mtego mwengine hapo hapo. Maduka makubwa yana AC. Ukilala juu ya godoro ndani ya duka la AC linakushika vizuri kabisa, limekaza, unasema hili ndo lenyewe, ukifika nalo nyumbani kwenye chumba cha feni unaona mbona kama sio lile. Ni lile lile. Joto tu limebadilika. Muombe muuzaji litolewe nje kidogo barazani likae likapate hewa ya kawaida ndo ulilalie, na ulale kweli, sio kukaa ukingoni na kubonyeza na ngumi. Lala kwa ubavu kama unavyolala kwako, dakika 10 mpaka 15, wala usione haya mbele za watu, ni kitu utakachokilalia miaka. Kwa mabibi zetu wanaona vibaya kujilaza dukani basi wende wawili watatu wasitirane, au waombe walilalie pale ndani stoo.

Kuhusu hizi za geli, ile ya rangi ya buluu wanayosema inapoza. Inapoza mwanzo. Geli inachukua joto la mwili wako mpaka ikishiba, ikishashiba imekuwa na joto sawa na wewe, na chumba chenyewe kina nyuzi 28 hapo itatoa joto liende wapi? Sio uongo moja kwa moja ila kwa huku kwetu usilipie hela nyingi kwa ajili ya geli peke yake. Bora ulipie ile yenye vitundu vilivyo wazi ndani, utaijua ukieka mdomo kwenye sponji lenyewe (sio kitambaa) ukapuliza, pumzi ikipita angalau kidogo ni afadhali, ikigoma kabisa basi na hewa ya usiku itagoma.

Sasa densiti, ambayo watu wengi wanaichanganya na ugumu. Densiti ni uzito tu, kilo ngapi zimo ndani ya mita moja ya ujazo ya hilo sponji. Godoro linaweza kuwa na densiti kubwa na likawa laini, na linaweza kuwa jepesi na likawa gumu kama ubao, na hilo jepesi gumu ndo linalokufa mapema. Sponji la kawaida la magodoro yetu mengi lipo baina ya 16 na 35. Memori inaanzia 40 hivi mpaka 80 na zaidi. Chini ya 40 ni ya kudanganyia. Zaidi ya 80 inadumu sana lakini ni nzito na ndo yenye joto kuliko zote, kwa hiyo mimi kwa visiwa hivi nasema tafuta 50 mpaka 60 usiende mbali na hapo.

Na densiti huhitaji kuambiwa, unaweza kuikamata mwenyewe kwa mizani. Chukua godoro la 5 kwa 6 la inchi 8, ujazo wake unakuja kama mita za ujazo 0.57. Likiwa lote sponji la densiti 20 litakuwa na kilo 11 tu. Sasa godoro la kweli lenye memori halijazwi memori tupu, linakuwa na tabaka juu inchi 2 au 3 na chini sponji gumu la kubeba. Inchi 2 za memori ya densiti 50 peke yake ni kilo 7, inchi 6 za chini za densiti 30 ni kama kilo 13, jumla kilo 20 bado hujahesabu kitambaa. Kwa hiyo mtu akikwambia hii memori ya inchi 8 na kijana wa duka anaibeba kichwani kwa mkono mmoja anapiga soga, ipimeni, ikija kilo 12 hakuna memori humo. Na mwambie afungue zipu ya kava, tabaka la memori lazima ulione limetengana na la chini, akikataa kufungua ushajua.

Kulala nako kuna watu tofauti lakini hapa sio pa kukaa sana: anayelala ubavu anahitaji tabaka nene kidogo, inchi 3, ili bega lipate pa kuingia, anayelala chali inchi 2 zinamtosha, anayelala kifudifudi memori laini itamuumiza kiuno aachane nayo. Mtu mnene azidishe unene na ugumu wa chini.

Wazee niwaseme mbali. Memori inawapunguzia maumivu ya nyonga na mabega kweli, lakini magodoro mengi ya hivi ukingo wake ni dhaifu, ukikaa pembeni unadidimia, na mzee mwenye magoti mabovu anataka kuamka alfajiri kwenda kutia udhu akute godoro linamvuta chini, ni taabu na anaweza kuanguka. Mkalishe ukingoni kabla ya kununua umuone anavyonyanyuka. Na kama mna mgonjwa wa kulala kitandani moja kwa moja, memori inasaidia ila haiondoi kazi ya kumgeuza kila masaa mawili hivi, vidonda vya mgongo haviogopi godoro la bei. Mtoto mchanga yeye asilazwe kabisa juu ya memori, anataka sehemu ngumu iliyo bapa, kwenye memori uso unaweza kuzama akakosa pumzi na hana nguvu ya kujigeuza.

Nije kwenye matunzo, mana hapa tunaharibu sana kwa mazoea ya zamani. Godoro la sufi ulikuwa unalitoa uwani, unalianika juani, unalipiga, likichoka fundi anakuja analifumua anachambua sufi anaijaza tena, godoro linakuwa jipya. Memori haifumuliwi, na jua kali linaila, poliuretani ikipigwa na jua inageuka manjano inaanza kumong'onyoka unga unga. Lakini kutolewa hewa inahitaji, kwa sababu ya jasho na unyevu wa masika, kwa hiyo inua uegemeze ukutani kivulini dirisha wazi, nusu siku. Usilimwagie maji hata kidogo, sponji hili likishalowa ndani halikauki kwa hali yetu ya hewa linaota ukungu. Usilieke chini sakafuni. Kitanda kiwe na chaga, na nafasi baina ya chaga na chaga isizidi upana wa vidole vinne hivi, zikiwa mbali memori inabinuka inaingia pale kati na bonde linaanza. Na ile nailoni ya dukani jamani iondoeni! Nnaelewa watu wanataka godoro likae jipya lakini unalala juu ya plastiki, jasho lako halina pa kwenda, na chini ya nailoni ukungu unajistarehesha.

Moto pia. Poliuretani ikishika moto inawaka upesi na moshi wake ni sumu. Chetezo cha udi na dawa ya mbu ya kuwasha visikae karibu na kitanda wala chini yake, hata kama ndo mazoea ya nyumba nzima.

Harufu ya siku za mwanzo ni ya kawaida, iache ipate hewa siku chache usiipulizie manukato.

Kama hela haitoshi, na kusema kweli hata kama inatosha, njia ninayoiona bora kwetu ni kununua godoro zuri gumu la sponji la viwanda vya Tanzania Bara, densiti 30 kwenda juu, alafu juu yake ukaongeza kile kigodoro chembamba cha memori cha inchi 2 kinachouzwa peke yake. Kaskazi ikikushinda unakivua unakieka pembeni unalalia godoro tupu, kusi ikirudi unakitandika tena. Kikichoka unabadilisha hicho tu. Shuka iwe ya pamba, sio hizi za poliesta zinazoteleza.

Na wanaoagiza kupeleka Pemba, au wanaokaa juu ghorofani Mji Mkongwe kwenye zile ngazi nyembamba, tafuteni lile lililobanwa likakunjwa ndani ya nailoni kama mkeka, linapita popote na kwenye boti halisumbui. Muulize muuzaji limekaa kwenye mkunjo huo muda gani, likishakaa miezi mingi lilivyobanwa linaweza lisinyanyuke sawasawa. Na usilikate nailoni bandarini Mkoani kwa hamu ya kuliona, kalikate kitandani kwenyewe, mana likishavuta hewa halirudi tena kwenye mkunjo, na lipe siku moja mpaka tatu lijae ndo ulipime na futi uone kama inchi ulizolipia zimo.