Je, wajua kwa nini Cheptegei aliishiwa nguvu Kololo akiwa anaongoza?

Machi 26, 2017, Kampala iliandaa mashindano ya dunia ya mbio za nyika katika uwanja wa Kololo. Katika mbio za wanaume za kilomita 10, kijana wa nyumbani Joshua Cheptegei, mwenye umri wa miaka 20, aliingia mzunguko wa mwisho akiwa mbele peke yake. Ghafla miguu ikamgomea. Akaanza kupepesuka, Geoffrey Kamworor wa Kenya akampita na kutwaa ubingwa, naye akamaliza wa 30.

Wapo waliosema alikosa moyo. Si kweli hata kidogo. Misuli inapofanya kazi, sehemu kubwa ya nishati yake hugeuka joto. Mwili hulitoa kwa jasho, lakini jasho hupoza pale tu linapokauka juu ya ngozi. Hewa ikiwa nzito kwa unyevu, jasho hutiririka bure. Hapo moyo hugawa damu kati ya ngozi na misuli, na kote haitoshi. Joto la ndani likizidi, ubongo wenyewe huanza kuizuia miguu. Anayejitenga mapema kwa kasi kubwa, huku umati wa kwao ukimshangilia, huifikia hali hiyo kabla ya wenzake. Isitoshe, Cheptegei ni mtu wa Kapchorwa, kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Hewa nyepesi ya mwinuko wa kule hujenga pumzi. Kustahimili joto la Kampala ni jambo jingine.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya nimheshimu zaidi. Mwaka 2019 alishinda mbio hizohizo za nyika huko Aarhus, Denmark, Mganda mwenzake Jacob Kiplimo akiwa wa pili. Agosti 2020, mjini Monaco, alivunja rekodi ya mita 5,000 ya Kenenisa Bekele iliyodumu miaka 16, kwa dakika 12:35.36. Hiyo ni wastani wa sekunde 60 na nusu hivi kwa kila mzunguko. Miezi miwili haikupita, akavunja na ile ya mita 10,000 huko Valencia kwa 26:11.00. Rekodi za namna hiyo haziji kwa papara. Hutaka mwendo uleule, mzunguko baada ya mzunguko.

Paris 2024, katika fainali ya mita 10,000, aliwaacha Waethiopia waongoze kwa muda mrefu, akachomoka mwishoni na kuchukua dhahabu kwa 26:43.14, rekodi mpya ya Olimpiki.