Je, wajua kwa nini gari la turbo lililotuniwa hulipita toleo ghali, kisha likaachwa?

Mwaka 2008 mteja wa BMW aliyetaka gari la milango minne lenye mbio alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni 335i: injini ya lita 3, silinda sita, turbo mbili (pampu za kusukuma hewa ndani ya injini), nguvu farasi 306. Ya pili ni M3: lita 4, V8, yaani silinda nane, isiyo na turbo, nguvu farasi 420, na bei ya juu zaidi. Haikuchukua muda, watu wa kutuni, yaani kuongezea injini nguvu, wakagundua kwamba ukibadilisha programu ya kompyuta ya injini ya 335i, bila kufungua injini yenyewe, ile ya bei nafuu inakimbizana na M3 kwenye barabara iliyonyooka, na mara nyingine inaipita.

Dai lililofuata bado linasikika kila panapozungumzwa magari ya turbo: kiwanda kimezifungia farasi makusudi ili ulipie mara ya pili. Ukilipa fundi wa programu, umepata M3 kwa bei ya kutupa.

Dai hilo lina ukweli ndani yake, ndiyo maana halifi. Kiwanda huacha akiba kweli. Injini ile ile itauzwa penye petroli ya okteni ya chini, ile inayojilipukia kwa urahisi, milimani penye hewa nyembamba, jangwani, na kwa mwenye gari anayekumbuka oili taa ikishawaka. Yote hayo lazima yavumiliwe hadi dhamana iishe. Biashara nayo imo: kuna injini zinazouzwa kwa viwango viwili vya nguvu huku tofauti kubwa ikiwa ni programu tu, na Volvo iliwahi kuuza programu ya Polestar ya kuongeza nguvu bila dhamana ya gari kuguswa. Kwa hiyo zipo farasi zilizofungiwa. Kosa ni kudhani kwamba zikishafunguliwa, magari mawili yamekuwa sawa.

Tazama namba moja ya ajabu. Zikiwa hazijaguswa, 335i na M3 zilikuwa na torki sawasawa, nyutoni-mita (Nm) 400. Torki ni ule msokoto unaokusukuma mgongo kwenye kiti. Lakini 335i iliutoa wote injini ikiwa kwenye mizunguko 1,300 kwa dakika, wakati M3 ilingoja hadi 3,900. Nguvu farasi ni torki ikizidishwa na kasi ya mizunguko, na M3 ilipata zake kwa kupanda hadi 8,300, mahali ambapo 335i haifiki. Programu mpya huongeza msukumo wa turbo, hivyo torki inapanda huko chini na katikati, kwenye mizunguko ambayo dereva huitumia siku nzima. Mgongo unaamini umepata M3. Na kwa sekunde kumi za kwanza, mgongo haujakosea sana.

Baada ya hapo linaingia joto.

Hewa ikibanwa hupata moto. Ukijaza tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono, piga mara tatu uache: hutahisi joto lolote. Piga mfululizo hadi tairi ligome, na ncha ya pampu haishikiki. Msuguano umechangia, lakini sehemu kubwa ni hewa yenyewe iliyosongamana. Turbo ni pampu ya namna hiyo, ila inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na upande wake wa pili unachomwa na gesi za ekzosi. Ikichukua hewa ya nyuzi 20 na kuibana hadi shinikizo liwe mara mbili, hewa hiyo hutoka ikiwa na zaidi ya nyuzi 100. Intakula, ile rejeta ya kupoza hewa kabla haijaingia kwenye silinda, ndiyo inayorudisha utulivu. Ukikanyaga mafuta mara moja, intakula bado ni ya baridi na inamudu. Ukirudia na kurudia, nayo inajaa joto kama ile ncha ya pampu, na hewa inapita hapo ikibaki ya moto.

Hewa ya moto hufanya petroli ijilipukie yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Mlipuko huo huigonga pistoni vibaya. Sensa iliyofungwa kwenye bloku la injini husikiliza mgongano huo, na kompyuta hujibu kwa kuchelewesha cheche. Injini inaokoka, farasi ulizonunua zinapotea. Huoni taa wala kusikia kitu, ila gari limekuwa zito.

Angalia pesa zilikwenda wapi M3 nayo ilipofungwa turbo mwaka 2014. Farasi ziliongezeka kidogo tu, kutoka 420 hadi 431. Ila hewa ya turbo sasa ilipozwa kwa maji yenye rejeta zake, na mfumo wa oili ulitengenezwa ili pampu isikose oili kwenye kona kali. Vitu hivyo havionekani kwenye karatasi ya dyno, mashine ya kupimia nguvu ya gari.

Kuhusu karatasi hiyo, isome kwa tahadhari. Mashine moja hupima kwenye magurudumu, nyingine hukisia ya injini, na boneti huwa wazi feni ikipuliza. Habari za injini zilizotuniwa zikadumu miaka nazo husimuliwa zaidi na wale ambao zao bado zinawaka.

Breki, difu na giaboksi programu haivigusi. Gari linalopanda kutoka kilomita 200 hadi 250 kwa saa lina nishati ya kusimamisha iliyozidi kwa zaidi ya nusu, na pedi ni zile zile.

Kwa anayetaka tu kulipita lori haraka, programu nzuri, plagi mpya na intakula kubwa zaidi zinatosha, na kwa maoni yangu ni matumizi mazuri ya pesa kuliko beji ya M3. Lori hupitwa kwa sekunde chache, intakula haijapata hata joto.