Nakala ipo, kompyuta hazimo: dhana potofu kuhusu mipangilio ya rimoti

Simu yangu ya zamani ilitumbukia kwenye ndoo ya maji ikiwa na programu ya rimoti, ile ya kuendesha kompyuta ya mbali kwa simu, na ndani yake orodha ya kompyuta 14 za wateja: maduka, famasi, ofisi ya mhasibu. Sikuhangaika. Nilijua Google inahifadhi kila kitu.

Haihifadhi kila kitu. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, simu inaweza kunakili data za programu hadi kwenye akaunti yako, mwisho MB 25 kwa kila programu. Orodha ya kompyuta ni maandishi machache tu, kwa hiyo nafasi si tatizo. Mwenye uamuzi ni aliyetengeneza programu. Akikataza data zake zisinakiliwe, simu itakuonyesha nakala imechukuliwa leo asubuhi, na kompyuta zako hazimo. Halafu kwa kawaida simu hungoja itulie na ipate Wi-Fi ndipo inakili. Anayeishi kwa bando la siku anaweza kumaliza mwezi mzima bila nakala mpya.

“Basi nitapiga picha ya skrini.” Nilikuwa nayo. Ilionyesha “Duka la juu”, “Duka la chini”, “Mama Famasi”. Anwani ya mtandao ya kompyuta hata moja haikuwemo.

Dhana inayowasumbua wengi zaidi ni kwamba nakala ikiwepo, na nenosiri limo. Programu iliyotengenezwa vizuri hufunga nenosiri kwa ufunguo unaokaa ndani ya simu yenyewe, na ufunguo huo hautoki hata simu ikinakiliwa. Simu mpya inapokea kufuli bila ufunguo. Kwenye Windows mambo ni hayohayo. Faili la .rdp, linalohifadhi mipangilio ya kuunganishwa na kompyuta ya mbali, ni maandishi ya kawaida, lifungue kwa Notepad utaona mstari kama “full address:s:192.168.1.20”. Nenosiri likiwa limehifadhiwa humo, lipo kwenye mstari unaoanza na “password 51:b:”, limefungwa kwa akaunti ya kompyuta ile ile. Ukilipeleka kwingine ni herufi tupu. Manenosiri yakae kwenye programu yake, kama KeePassDX au Bitwarden, na orodha ya kompyuta ikae mbali nayo.

Ila usije ukadhani kila programu ina adabu hiyo. Kabla hujajitumia kwa WhatsApp faili la nakala ya mipangilio lililotolewa na programu, lifungue ulisome. Ukiliona nenosiri lako limeandikwa wazi, umeshajua la kufanya.

Na likiwa halina nenosiri? Watu husema halina madhara. Lina anwani, poti na jina la mtumiaji, yaani limemwonyesha mwizi nyumba, mlango na mwenye nyumba. Mei 2019 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu la BlueKeep, lililomruhusu mvamizi kuingia kupitia RDP, njia ya Windows ya kuendesha kompyuta ukiwa mbali, kwenye Windows 7 na za kabla yake bila nenosiri lolote. Kompyuta ya aina hiyo isiyo na kiraka, iliyoachiwa poti 3389 (ya RDP) wazi kwenye intaneti, haikuhitaji zaidi ya kujulikana ilipo.

Kufuta akiba ya programu (cache) hakufuti orodha yako. “Futa data” ndiyo inayofuta, na kuiondoa programu pia.

Programu za rimoti kama aRDP na bVNC zina sehemu ya kutoa mipangilio kuwa faili na kuirudisha, na ndiyo njia ninayoitumia sasa. Hata hivyo, kurudisha mipangilio si kuunganishwa. Anwani zinazoanza na 192.168 hugawiwa na ruta ya mahali pale. Ruta ikizimwa na kuwashwa, kompyuta inaweza kupewa nyingine, na nakala yako inabisha mlango wa jirani. Ingia kwenye ruta, itengee kompyuta hiyo anwani isiyobadilika. Simu mpya pia itakuuliza kama unakiamini cheti, yaani kitambulisho, cha kila kompyuta, hata zile ulizozizoea. Si kwamba umedukuliwa: idhini uliyotoa zamani ilibaki kwenye simu ya zamani.

Nilipomaliza kuijenga upya orodha yangu nilitoa faili, nikalirudisha kwenye simu kuukuu iliyokuwa kabatini, kisha nikajaribu moja moja. Kompyuta 13 zilifunguka. Ya Mama Famasi iligoma. Alikuwa amebadilisha ruta wiki iliyopita na hakuniambia.