Salamu ya kufa haikuwa ya kila pambano

Wengi tunaamini kwamba kila mara magladieta wa Roma, yaani wapiganaji wa maonyesho, walipoingia uwanjani walimwambia mfalme: "Salamu, Kaisari, tunaokwenda kufa tunakusalimu." Filamu zimetukaririsha hivyo. Lakini maandishi ya kale yanataja salamu hiyo katika tukio moja tu, mwaka 52 BK, na waliosema hawakuwa magladieta, bali wahalifu waliokwisha kuhukumiwa kifo. Kaisari Claudius aliwapakia merikebuni wapigane vita vya maonyesho kwenye ziwa Fucino huko Italia, kabla ya kuanza kulikausha.

Inasimuliwa kwamba Claudius, mtu wa masihara, alijibu: "Au pengine hamtakufa." Wenzetu wakaona wamesamehewa, wakagoma! Ikabidi mfalme ateremke, achechemee ukingoni mwa ziwa akiwatisha na kuwabembeleza. Mwishowe walipigana, na walionusurika wakasamehewa.

Gladieta mwenyewe alikuwa mali ghali. Alifunzwa, akalishwa shayiri na maharage, akawa na tabibu. Galen, tabibu maarufu wa kale, aliwatibu kule Pergamon, mji uliokuwa katika Uturuki ya leo. Wengi walioshindwa waliachwa hai, kwa kuwa mwenye kuwakodisha alidai fidia kwa kila aliyeuawa.