Kujidhibiti kwa kijana: kinachopimwa hasa ni nini?

Jioni Ngamiani, mtaa wa hapa Tanga, kabla ya adhana ya magharibi, watoto bado wanacheza nyama nyama. Kiongozi anaita, "Nyama ya ng'ombe!" Wote wanaruka: "Nyama!" "Ya mbuzi!" "Nyama!" "Ya kuku!" "Nyama!" Anazidisha kasi, mara: "Ya nyoka!" Aliyeruka ametoka. Si kwamba hajui kuwa nyoka haliwi. Miguu ilishaondoka kabla akili haijafika.

Katika maana yake finyu, hicho ndicho wanasaikolojia wanachokiita kujidhibiti: kuzuia jibu ambalo tayari liko mlangoni. Na kipimo chao ni kama mchezo huohuo. Kijana anakaa mbele ya kompyuta, herufi zinapita mojamoja, anabonyeza kitufe kwa kila herufi isipokuwa X. Ujanja uko kwenye hesabu. X huja kwa nadra. Ingekuja nusu kwa nusu, kidole kisingezoea kubonyeza, na pasingekuwa na cha kuzuia. Kiongozi hodari wa nyama nyama anajua hilo bila kusomea, ndiyo maana nyoka hamwiti kwanza.

Kigeuze kipimo hicho na utapata kitu kingine. Mwaka 1956 huko Marekani, Rosvold na wenzake waliwapima watu walioumia ubongo kwa jaribio ambalo mtu hutulia tu, kisha hubonyeza X inapotokea. Hapo kinachochoka ni umakini, kama wa mvuvi anayengoja mshipi utikisike. Kwa hiyo makosa ni ya aina mbili. Kuna anayeacha kubonyeza pale alipotakiwa, kwa kuwa mawazo yamesafiri. Na kuna anayebonyeza pasipotakiwa, kwa kuwa yupo lakini ana haraka. Darasani wote wawili huandikiwa neno moja kwenye ripoti: "hatulii". Mimi naona neno hilo limewapotezea watoto wengi msaada waliostahili.

Tena kutoanza ni jambo moja na kusimama ukiwa umeshaanza ni jingine. Tanga ni mji wa baiskeli, kwa hiyo mfano haututupi mbali: kutoanza kupiga pedali si sawa na kukamata breki uko mteremkoni. Kulipima hili la pili kulikuwa na kikwazo cha ajabu, maana ukifanikiwa kusimama hakuna kinachotokea, na kisichotokea utakitegeaje saa? Gordon Logan na William Cowan walionyesha mwaka 1984 namna ya kukokotoa muda huo wa breki kutokana na zile mara ambazo mtu alishindwa kusimama. Kwa vijana wenye afya ni kama robo ya sekunde.

Kipimo ninachokipenda ni cha John Ridley Stroop, cha mwaka 1935, kwa sababu hakihitaji mashine. Nilimwandikia mpwa wangu wa kidato cha pili majina ya rangi kwa kalamu za rangi zisizolingana: neno "nyekundu" kwa wino wa buluu, "kijani" kwa wino mwekundu. Kazi ni kutaja wino na kuachana na neno. Akaanza vizuri, kisha, "Nyek... aa, buluu. Kija... ngoja." Jasho! Bibi yake akaomba karatasi naye ajaribu. Akataja zote kama anayesoma bei za samaki, hakukwama hata mara moja. Kijana akashangaa bibi alivyo na akili iliyotulia. Kumbe mama yangu alisoma chuo cha Kurani tu. Msahafu anausoma, herufi za Kizungu hazijui. Neno "nyekundu" kwake ni michoro, halimvuti popote, basi hana cha kujizuia nacho. Mtoto ambaye bado hajajua kusoma anaweza kufaulu kipimo hiki kwa sababu hiyohiyo, na anayemsimamia akadhani amepata kijana mwenye kujimudu.

Njia ya pili ni kuuliza. Dodoso linalotumika sana ni la Tangney, Baumeister na Boone la mwaka 2004: sentensi 36, au 13 kwa toleo fupi, na kila moja unaipa alama kuanzia 1 hadi 5 kwa jinsi inavyokuhusu. Mpwa wangu alifika kwenye ile ya uvivu akainua kalamu. "Mvivu kuliko nani, mjomba?" Sikuwa na jibu. Anayejilinganisha na kaka yake anayeamka alfajiri kwenda mnadani atajipa alama mbaya. Anayejilinganisha na wakaa kijiweni atajipa nzuri.

Angela Duckworth na Margaret Kern walipokusanya tafiti za aina zote mbili mwaka 2011, walikuta madodoso yanakubaliana baina yao kuliko majaribio ya kompyuta yanavyokubaliana, na madodoso kwa majaribio uhusiano wake ni mdogo. Halishangazi sana. Jaribio linakamata robo ya sekunde. Dodoso linauliza habari ya miezi.

Kuna pia vipimo vya kungoja: uchukue shilingi 5,000 leo au 8,000 baada ya mwezi? Hivi navitilia shaka zaidi. Kijana ambaye mama yake alitorokwa na kijumbe wa upatu atachukua za leo, na mimi sitamwita mwenye pupa.

Halafu kuna wenzake. Mwaka 2005 Margo Gardner na Laurence Steinberg waliwapa watu mchezo wa gari kwenye kompyuta, wengine wakiwa peke yao, wengine wakitazamwa na marafiki. Wa miaka 13 hadi 16 walijihatarisha zaidi mno walipotazamwa. Watu wazima, wa miaka 24 na kuendelea, marafiki hawakuwabadilisha hivyo.

Mpwa wangu nilimpima sebuleni, feni inazunguka, mlango umefungwa, na mchezo wa herufi aliufaulu vizuri sana. Kesho yake nikapita ufukweni Raskazone. Maji yamekupwa, mawe yanaonekana, yeye yuko juu ya ukuta, na wenzake wanne chini wanamhesabia: moja, mbili...